Walivyopima Unene wa Mama

Mama yangu alikuwa mnene, na hakuona sababu ya kuuficha unene wake. Pale Lusahunga, kwenye njia panda ya malori yanayokwenda Rusumo, mama ntilie aliyekonda hapati wateja. Madereva huona kama chakula chake hata yeye mwenyewe hakiamini. Mama alikuwa akikaa nyuma ya sufuria za wali na maharage, amejifunga kanga mbili zilizoungwa kwa sababu moja haikumzunguka, na dereva akishuka kwenye lori humwita, "Mama, leo kuna nini?" kabla hajanyoosha hata mgongo. Mimi nilikuwa na cherehani yangu kwenye kibaraza cha jirani. Nguo zake zote nilizishona mimi.

Mguu ulianza kama uchovu. Akitoka nyumbani kwenda bandani kwake alikuwa akisimama katikati ya njia na kujifanya anasalimiana na watu. Nilimwona zaidi ya mara moja akimsalimia mtu ambaye walikuwa wamekwisha salimiana naye asubuhi. Nikimuuliza, ananiambia ni umri, ni tope, ni viatu. Kisha kidole gumba cha mguu wa kushoto kikapata kidonda kidogo kisichopona, na ngozi ya pembeni ikaanza kuwa nyeusi namna isiyo ya rangi yetu.

Hospitalini Biharamulo walimpima sukari, wakaikuta. Wakamgusa juu ya unyayo na nyuma ya kifundo, wakitafuta mapigo ya damu, kisha wakatazamana. Daktari wa zamu akasema mshipa unaopeleka damu mguuni umeziba, na kwamba upasuaji wa kuufungua hawaufanyi pale. Tukapewa rufaa kwenda Mwanza.

"Wamenigusa kwa vidole tu, wameshajua kilichomo ndani?" mama alisema tukiwa kwenye basi. "Mtu akikwambia jambo haraka hivyo, ujue alikuwa nalo kabla hujafika."

Hivyo ndivyo alivyokuwa, na sikuwahi kumlaumu. Alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa kijana, mimi nikiwa mgongoni. Tukaishi kwenye kambi ya wakimbizi ya Lukole, hadi alipoolewa na mkulima wa Mabawe kule Ngara, Mhangaza aliyenilea kama damu yake mpaka alipofariki. Kambini ndiko mama alikojifunza kwamba ukipangwa foleni na kupimwa, kuna jambo linaamuliwa juu yako, na hutaambiwa ni lipi.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume aliyezaliwa kule. Watoto walikuwa wakizungushiwa utepe wenye rangi kwenye mkono, juu ya kiwiko. Ukiangukia kwenye nyekundu unaandikishwa kupata uji wa nyongeza. Ukiangukia kwenye kijani unarudi nyumbani. Mdogo wangu aliangukia kwenye kijani. Mama alisema mtoto hayuko sawa, akaambiwa mkono wake ni mzuri. Haukupita muda mrefu mtoto akaanza kuharisha, akafa. Nilipokua nilielewa kwamba kuhara ndiko kulikomuua, na kwamba hata mtoto aliyenona anaweza kuondoka namna hiyo. Mama hakulikubali hilo. Alisema walitazama utepe, hawakumtazama mtoto.

Ndiyo maana mama alipolazwa Mwanza na daktari akaja kitandani akiwa na futi shingoni, nilijua tumeingia kwenye matatizo.

Alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani, mmoja wa wapasuaji wa mishipa. Alimwamkia mama kwa heshima, akamuuliza habari za safari, kisha akamwomba asimame. Futi yake ilikuwa ileile tunayotumia mafundi. Akaizungusha tumboni, usawa wa kitovu, halafu kwenye nyonga. Akapima mkono wa juu na nyama ya mguu. Akatoa kifaa kama koleo ndogo, akafinya ngozi nyuma ya mkono wa mama na kusoma namba.

"Unanishonea gauni?" mama akauliza.

Daktari akacheka. Mama hakucheka.

"Tunapima mafuta ya mwili, mama."

"Ya nini? Mimi naumwa mguu."

"Wagonjwa wote wanaopasuliwa mishipa hapa, wakiridhia, tunawapima hivi. Kisha tunawafuatilia tuone wanavyopona. Tunataka kujua mafuta yana mchango gani."

"Na nisiporidhia, hamnipasui?"

"Tutakupasua vilevile."

"Na nikiridhia, nikafa, mtaandika nini? Kwamba mafuta yalizidi?"

Daktari aliikunja futi yake. "Tutaandika kilichotokea," akasema.

Mama alinitazama. Mimi sikuwa na uso wa kumsaidia, kwa sababu moyoni nilikuwa najiuliza yaleyale. Nilikuwa nimewaona wachuuzi wa ng'ombe mnadani wakifinya mbavu na nundu kabla ya kusema bei, na sikumbuki ng'ombe hata mmoja aliyefinywa kwa faida yake.

"Haya, nipime," mama akasema mwishoni. "Lakini ukishajua hicho unachokitafuta, uje uniambie mimi mwenyewe. Usimwambie huyu."

Kitanda cha pili alilala mwanamke wa rika lake, Msukuma kutoka kijiji kimoja cha ndani huko Biharamulo. Naye mguu ulikuwa umeziba mshipa, na wake ulikuwa mbaya zaidi, vidole vimekauka kama maganda. Alikuwa amekonda sana. Mume wake alimleta, akakaa kidogo, akarudi kwenye mifugo, maana mtu wa kuachiwa hakuwepo. Daktari alipomaliza kwa mama alikwenda kwake. Futi ilimzunguka ikabaki nyingi. Akampima, akaandika, akafikiri, akampima tena.

"Umeona?" mama akaninong'oneza. "Kwangu amepima mara moja, amemaliza. Yule anampima kwa uangalifu. Mimi wameshanikatia tamaa."

Nilimwambia si hivyo. Sikuwa na hakika.

Wadi ya wanawake wanaosubiri kupasuliwa ina redio yake isiyotumia betri. Mgeni mmoja aliyekuja kumwona ndugu yake alitueleza, bila kuulizwa, kwamba watu wanene hawaamki kwenye nusu kaputi, maana dawa ya usingizi hujificha kwenye mafuta na haitoki. Alisema ndiyo sababu wanapimwa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akajifunika shuka. Baadaye nilimuuliza daktari, akasema kipimo cha dawa hupangwa kulingana na mwili na kwamba watu wanene wanaamka kila siku. Nikamwambia mama. Akanijibu, "Ulitaka akwambie hawaamki?"

Nilikuwa nimefikia kwa mtu wa kwetu Ngara anayeishi Mwanza, nikipika kwake na kuleta chakula kwenye hotipoti: ugali, sangara wa kuchemsha, mchicha usio na mafuta mengi kama tulivyoelekezwa. Hotipoti zilikuwa zikirudi tupu, zimelambwa. Nilifurahi. Ila gauni ndilo lililonishtua. Kabla ya safari nilimshonea gauni la mbele wazi la kuvaa wadini, nikalibana vizuri mabegani lisimteleze. Siku moja nilipokuwa namwinua akae, bega la gauni likaanguka hadi kwenye mkono. Nikalirudisha. Likaanguka tena.

Mtu anayekula sahani nzima ya ugali na samaki, tena amelala tu, anapunguaje?

Nikamtazama yule mwanamke wa kitanda cha pili. Macho yake yalikuwa yameanza kuwa na nuru. Nikashuku kwamba anamwibia mama chakula mama akisinzia. Siku hiyo niliacha hotipoti, nikaaga, nikashuka ngazi, kisha nikapanda tena na kusimama nyuma ya mlango wa wadi.

Mama alikuwa amekaa kitandani kwa mwenzake. Sahani ilikuwa mapajani mwa yule mwanamke.

"Kula, dada," mama alikuwa akimwambia. "Mimi nimeshiba tangu nyumbani."

"Nawe kula kidogo."

"Nimekwambia nimeshiba. Maliza na kichwa hicho, ndiko kuliko na utamu."

Yule mwanamke alikula samaki kwa bidii, akifyonza mifupa ya kichwa mmoja mmoja, na mama akamtazama hadi mwisho. Kisha mama akachukua sahani, akaifuta kwa kipande cha ugali, akakilaza kile kipande kwenye kiganja cha mwenzake.

Niliondoka bila kujionyesha. Sikujua nimseme kwa kosa gani.

Kesho yake daktari alirudi na futi. Alipima mkono wa juu na nyama ya mguu, akalinganisha, na badala ya kumtazama mama akanitazama mimi. Aliniita kwenye korido.

"Mama anakula nini?"

Nikamweleza.

"Unamletea kila siku?"

"Kila siku."

Alinitazama kwa namna ambayo sitaisahau. Alinishuku mimi. Kwa macho yake nilikuwa mtoto mtu mzima anayemnyima mzazi chakula, labda nimechoka kuuguza. Nikakasirika, na kwa hasira hiyo nikasema nilichokiona nyuma ya mlango.

Daktari akarudi wadini, akavuta pazia, akakaa ukingoni mwa kitanda. Yule mwenzake alikuwa amepelekwa kupigwa picha ya moyo.

"Mama, mbona hauli?"

Mama akanitupia jicho lililosema tutaonana. Kisha akasema, "Nyie si ndio mnapima mafuta? Basi nimeyapunguza. Nataka kuamka."

Daktari akavua miwani, akaifuta kwa koti lake. Aliongea polepole, na naandika hapa nilivyomwelewa.

Alisema watu wengi hudhani mnene ndiye atakayekufa kwenye upasuaji. Kwa wagonjwa wa mishipa, mara nyingi wameona mambo yakienda vingine: anayewatia hofu zaidi ni aliyekonda, kwa sababu upasuaji ni kama safari ndefu na mwili unahitaji akiba ya kusafiria. Alisema mafuta nayo hayalingani. Ya kwenye nyonga na mapaja hayana ugomvi sana. Yaliyojificha tumboni, katikati ya matumbo, ndiyo yanayoleta sukari na kuziba mishipa. Halafu kuna nyama yenyewe, misuli, ambayo mizani haiwezi kuitofautisha na mafuta. "Ndiyo maana tunahangaika na futi na koleo," akasema. "Kilo peke yake hazituambii kitu. Na wewe ukifunga kula namna hii, mwili hauanzi kula kitambi. Unaanza kula nyama."

"Kwa hiyo unene ni mzuri?" mama akauliza.

"Sikusema hivyo."

"Ni mbaya?"

"Sikusema hivyo pia. Tungekuwa tunajua, tusingekuwa tunapima."

Mama alifikiri. Akaelekeza kidevu kwenye kitanda kilicho wazi. "Na yule?"

"Siwezi kuzungumza juu ya mgonjwa mwingine, mama."

"Basi nimeelewa," mama akasema, akageukia ukutani.

Mimi sikumwamini daktari. Niliona kama maneno matamu ya kumtuliza mgonjwa. Maisha yangu yote nimesikia redioni na zahanati kwamba unene ni ugonjwa, leo mtu ananiambia mwembamba ndiye wa kuogopewa? Lakini tangu siku hiyo nilileta hotipoti mbili, na mama alikula yake mbele yangu, akitafuna kama mtu anayelipishwa faini. Ya pili aliisukuma kwa mwenzake mwenyewe. Hakutaka mimi niipeleke.

Walizoeana sana katika siku hizo. Yule mwanamke alikuwa hana r, mama naye alikuwa akiiweka r mahali pa l, na walichekana wote wawili. Alimweleza mama habari za nyumba yake, jirani na mashine ya kusaga, na binti yake wa mwisho, na mume aliyekuwa anajua kila ng'ombe kwa sauti yake. Mama alimweleza mambo ya Lukole ambayo mimi sikuwahi kuyasikia. Nilikuwa nikifika wananyamaza.

Yeye ndiye aliyetangulia kupasuliwa. Asubuhi ile mama alimfunga kitambaa kichwani, nesi akakifungua kwa sababu hakiruhusiwi, mama akakikunja na kukiweka chini ya mto wake mwenyewe. Jioni tuliambiwa upasuaji umekwenda vizuri na mguu umepata joto. Nesi mmoja alitwambia kidonda chake kimefungwa kisafi kabisa, hakuna hata tone linalovuja. Mama akapiga ishara ya msalaba.

Mwenzake alikuwa kwenye chumba cha uangalizi. Kila nilipouliza nilijibiwa anaendelea. Kisha nikajibiwa kifua kimemsumbua kidogo. Kisha nikajibiwa nimuulize daktari. Mama hakuuliza chochote. Alikuwa akimtazama mfanyakazi anayetandika vitanda, na siku yule mfanyakazi alipokunja godoro la kitanda cha pili na kulisimamisha dhidi ya ukuta, mama akasema, "Amekufa."

Nilikwenda kuuliza. Ilikuwa kweli. Mguu ulikuwa mzima, kidonda kikavu. Mapafu yalishindwa kujisukuma, akachoka, akaacha.

Siku ya mama ilikuwa imepangwa. Karatasi ya kuridhia ilipoletwa alikataa kuigusa. "Mwiteni yule wa futi," akasema.

Daktari alikuja akiwa bado na nguo za chumba cha upasuaji. Sikuwahi kumwona mama akimtazama mtu hivyo.

"Ulijua," mama akasema.

"Mama, sikuruhusiwa..."

"Sikuulizi umeruhusiwa nini. Ulimpima mara mbili. Nilikuona. Futi ilikwambia atakufa, nawe ukampeleka."

Nilitegemea daktari aondoke. Alivuta pazia.

"Yule sitamzungumzia," akasema. "Nitakwambia juu ya watu wa mwili kama ule. Futi hainiambii nani atakufa. Inanitia hofu, basi. Kuhofia na kujua ni vitu viwili. Mtu kama huyo nikiwa na nafasi ningemlisha kwanza, miezi hata. Lakini mguu ukioza haungoji. Nikimwacha, sumu ya mguu inamuua. Nikimkata mguu wote, bado ni upasuaji, na bado mwili ni uleule. Nachagua njia ambayo naona ina mwanya, kisha naomba."

"Na chakula tulichompa?"

"Kilimsaidia. Hakikutosha."

Mama aliupapasa mto wake, pale kilipokuwa kile kitambaa. Kisha akauliza, "Na mimi unanihofia wapi?"

"Kinenani," daktari akajibu papo hapo. "Pale ndipo tutakapokata kuufikia mshipa. Wewe una mafuta mengi pale, na mkunjo wa tumbo unalalia palepale, pana joto na jasho. Una sukari. Moyo wako nadhani utavumilia. Lakini kidonda cha kinenani nahofia kitafumuka. Kinaweza kuoza. Unaweza kukaa hapa muda mrefu kuliko ulivyofikiri."

Nilitamani amnyamazie. Mama, kinyume chake, alinyoosha mkono na kuomba kalamu. Jioni nilipomuuliza kwa nini alibadili mawazo ghafla vile, alisema, "Mwana wanje, mwanangu, anayetaka kukuuzia chungu hakuonyeshi ufa wake. Leo kanionyesha."

Alipasuliwa. Aliamka. Kitu cha kwanza alichouliza, mdomo ukiwa bado mzito, ni kama ana miguu miwili. Unyayo wa kushoto, ambao kwa muda mrefu ulikuwa baridi kama wa mtu aliyesimama kwenye maji ya mto Ruvubu, ulikuwa na joto. Niliushika kwa viganja vyote viwili, nikalia.

Halafu kinena kikafumuka, kama alivyosema. Kwanza maji maji, kisha usaha, kisha harufu. Hapo ndipo zamu yangu ya kushuku ilipokuja kwa nguvu. Nilimshuku nesi aliyevaa glavu akashika mlango kabla ya kushika kidonda. Nilishuku bandeji, nilishuku maji, nilishuku shuka. Nilimshuku hata daktari: alikuwa ametabiri kidonda kitaoza, je, haimfai sana kikioza kweli, apate cha kuandika? Nilikuwa nikisimama kando ya kitanda wakati wa kusafisha na kufuata kila mkono kwa macho, hadi nesi mkubwa akanisogezea kiti, akaniambia, "Kaa, mwanangu, utatulinda vizuri zaidi ukiwa umekaa."

Walimkata kidole gumba kilichokwisha kufa, na cha pili yake. Walikuwa wakiuinua mkunjo wa tumbo na kuweka kitambaa kikavu chini yake, asubuhi na jioni, na mimi nikafundishwa kufanya hivyo. Mama alikula. Alikula hata asipotaka. Kidonda kilijaa kutoka chini, taratibu sana, kama kisima wakati wa kiangazi kinachochotwa na kijiji kizima. Daktari alikuja kila mara na futi yake. Siku ya kuruhusiwa mama alimkumbusha ahadi.

"Haya, niambie. Mafuta yaliniponya au yalitaka kuniua?"

"Bado hatujamaliza kuwafuatilia wagonjwa, mama."

"Kwangu umemaliza. Niambie la kwangu."

"La kwako..." Daktari akacheka kwa uchovu. "La kwako naona yalifanya vyote viwili."

Mama alinitazama akitafuta kama nami nimesikia jibu la kijanja. Lakini hakulipinga.

Tulirudi Lusahunga. Madereva walimkuta amekaa tena nyuma ya sufuria, ingawa sasa kazi ya kubeba nilimwekea mtu. Alitakiwa kutembea kila siku, akawa anatembea na fimbo ukingoni mwa barabara asubuhi malori yakiwa bado yamepaki, akikasirika. Hakutulia. Kile kitambaa cha kichwa alichokikunja chini ya mto alikuwa amekuja nacho.

"Nataka kwenda kwa wale watu," akaniambia.

Tulipanda gari hadi njia inapochepuka, tukachukua pikipiki mbili. Nyumba tuliipata kwa kuuliza ilipo mashine ya kusaga. Mume wa marehemu alikuwa mzee mrefu aliyevaa koti zito. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kutukaribisha.

"Mmetumwa na nani?" akauliza.

"Hatujatumwa," mama akasema. "Nililala kitanda cha pili cha mke wako. Nimekuja kukupa pole."

"Watu wa hospitali walishasema maneno yao."

"Mimi si wa hospitali."

Binti yao, msichana aliyekwisha kuwa mtu mzima, alitoka jikoni akasimama nyuma ya baba yake, mikono imekunjwa. Mama akatoa kile kitambaa. Yule binti alikitambua, nikaona. Hata hivyo hakusogea kukipokea.

"Walimnyima chakula?" akauliza. "Tuliletewa mwili hauna hata nyama."

"Hawakumnyima. Alikula. Mwanangu huyu alikuwa anapika, tunakula pamoja. Ugali na samaki."

Mzee na binti wakatazamana, na nyuso zote mbili zikafunga.

"Mke wangu hakuwa anakula samaki," mzee akasema polepole. "Tangu nimuoe. Alisema wanamtapisha, hata harufu. Mimi napenda samaki, na nyumba hii samaki hajawahi kupikwa. Wewe mama, unamsema mtu gani?"

Nilimwona mama akitafuta cha kusema, na nikajua kwamba angeweza kuligeuza, kusema ilikuwa maharage, yaishe. Hakuligeuza.

"Alikula samaki," akasema. "Sangara. Alikula mpaka kichwa, akafyonza macho. Hakutapika hata siku moja."

"Hakutapika."

"Hata kidogo."

Mzee alimkazia macho mama kwa muda mrefu. Halafu kitu kikaanza kutikisika ndani ya lile koti, nikadhani analia, kumbe anacheka, na alipokuwa anacheka machozi yakaanza kumtoka. "Mwanamke yule," akasema. "Mwanamke yule! Hakutaka kuparua magamba. Kumbe alikuwa hataki tu kuparua magamba!" Binti yake alikuja akachukua kitambaa mikononi mwa mama, akaingia nacho ndani, akarudi na viti.

Tulikunywa maziwa. Mama alimsimulia binti kila kitu alichokikumbuka, hata utani wao wa r na l. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa. Jua lilipopungua alitusindikiza hadi kwenye pikipiki, akanivuta kando.

"Wewe umesoma," akaniambia. "Mama yako mnene amepona, wangu mwembamba amekufa. Walijua?"

"Wanasema bado wanatafuta, mzee."

"Wanajua," akasema.

"Labda."

Alitikisa kichwa, akanishika mkono kuniaga, akarudi kwake. Mama alikuwa ameshapanda, amemshika dereva wa pikipiki mabegani, akimuuliza kama breki zake anazipima.